Kipaimara Ndani ya Sendofu: Uchambuzi wa Maiki Zilizosemekana Mbovu

Kisa hiki ni cha sendofu iliyofanyika Jumamosi moja kwenye ukumbi wa ufukweni upande wa Ilemela, Mwanza. Nilipigiwa simu mchana na kijana wa mitambo aliyekuwa amepewa kazi hiyo. Habari zenyewe zilikuwa fupi: maiki ni mbovu, kamati imekasirika, mama mwenyekiti anataka zikodiwe nyingine kabla wageni hawajaanza kuingia. Seti ilikuwa ya kwake mwenyewe, alishaifanyia kazi Igoma, Buhongwa na Nyegezi bila shida. "Kaka, leo zimelogwa," akasema.

Nakiandika kwa kirefu kwa sababu ndani ya hayo maneno "maiki ni mbovu" mlikuwa na matatizo matatu yasiyofanana, na hakuna hata moja lililotokana na ubovu wa maiki. Kama kamati ingefanikiwa kukodi seti nyingine ya bei ileile na kuiweka palepale, ingelipa hela mara mbili na usiku ungeharibika vilevile.

Mahali na mitambo

Ukumbi una paa la bati juu ya vyuma, ukuta upande wa barabarani, na upande wa ziwa uko wazi kabisa. Kutoka hapo bustani inateremka mpaka majini, na katikati yake yamekaa majabali mawili ya aina ambayo Mwanza huyakosi hata uani kwa mtu. Meza kuu ilipangwa ndani, imegemea ukuta. Meza za wageni zilianzia ndani zikamwagikia bustanini, ile ya mwisho ikiwa karibu mita 40 kutoka kwa fundi. Kushoto, ng'ambo ya ukuta na mawe, kuna ukumbi mwingine wa namna hiyohiyo, nao siku hiyo ulikuwa na shughuli yake.

Mitambo ilikuwa ya kawaida kabisa: spika mbili kubwa juu ya stendi, miksa ya chaneli 12, kompyuta ya DJ, skrini kubwa ya LED nyuma ya meza kuu, na seti ya maiki mbili za mkono zisizo na waya zenye risiva moja, yaani kisanduku kinachopokea mawimbi ya maiki na kuipa miksa sauti. Zilikuwa za UHF, zinafanya kazi kwenye masafa ya megahezi mia tano na kitu. Risiva ilikuwa chini ya meza ya fundi, pembeni ya skrini, imefunikwa na kitambaa cha satini kilichoning'inia hadi sakafuni. Haikuwekwa pale na fundi. Iliwekwa na kamati ya mapambo, ambayo haikutaka kuona kitu cheusi chenye antena karibu na maua. Fundi mitambo na kamati ya mapambo ni watani wa jadi, na katika ugomvi huo fundi hushindwa kwa sababu mapambo yanaonekana kwenye picha na sauti haionekani.

Dalili zilikuwa hivi. Mshereheshaji akisimama karibu na meza kuu, spika zinapiga mluzi. Akiingia bustanini, maneno yanamegeka: "Tunaomba wa... upande wa... wakae meza ya..." Na akifika meza za mwisho karibu na maji, mara mojamoja sauti yake inapotea na badala yake anaingia mwanamume mwingine kabisa, mwenye furaha zake, anayezungumza mambo yasiyohusiana na shughuli.

Kijana alishajaribu alichojua. Alibadilisha betri, akazungushia maiki namba moja kwenye chaneli ya namba mbili ya miksa, akaongeza sauti. Kuongeza sauti kulizidisha mluzi na hakukurudisha neno hata moja lililopotea. Masafa hakuyagusa. "Ilikuja hivyo kutoka dukani," akaniambia, "niliogopa kuivuruga."

Taa mbili kwenye risiva

Kitu cha kwanza nilichofanya nilipofika ni kuitoa risiva chini ya meza kwa muda, niione uso. Risiva nyingi, hata za bei nafuu, zina taa mbili kwa kila maiki. Moja imeandikwa RF, nayo huwaka risiva inapopata mawimbi ya redio kwenye masafa yake. Nyingine imeandikwa AF, nayo huwaka ndani ya mawimbi hayo kukiwa na sauti. Mafundi wengi huzichukulia kama urembo. Kwa mtu anayetafuta kosa, hazina mbadala.

Sauti ikikatika na RF ikazimika, tatizo liko njiani: umbali, mwili wa mtu, jiwe, betri iliyokwisha, au mkono uliofunika antena ya maiki. Sauti ikikatika lakini RF bado inawaka, mawimbi yanafika; tafuta swichi iliyozimwa kwa kidole, kichwa cha maiki kilichoharibika, au waya kati ya risiva na miksa. Na kama umezima maiki zako zote na RF bado inawaka, kuna mtu mwingine kwenye masafa yako.

Nikamwomba mshereheshaji achukue maiki, ashuke bustanini polepole huku akihesabu kuanzia moja. Kijana nikamweka kwenye miksa, mimi nikabaki na taa. Kila namba ilipomegeka, RF ilizimika sambamba nayo. Hilo likatuondolea mashaka ya maiki yenyewe na ya waya. Kisha nikamwita arudi, nikazima maiki zote mbili. Taa ya RF ya namba moja ikaendelea kuwaka, na kwenye spika ikatoka sauti safi kabisa, bila hata mkwaruzo:

"Watoto wetu wa kipaimara, sogeeni mbele tukate keki!"

Mama mwenyekiti alikuwa anapanga kadi za majina. Akainua kichwa. "Kipaimara cha nani tena?"

Alidhani ni kituo cha redio, na wengi wangedhani hivyo. Lakini redio za FM ziko kati ya megahezi 88 na 108, mbali sana na masafa ya seti ile. Televisheni ndiyo jirani halisi wa maiki hizi: katika ukanda wetu wa dunia matangazo ya televisheni ya UHF hukaa kati ya megahezi 470 na 694, na maiki zisizo na waya hupenyeza kwenye nafasi zilizoachwa wazi. Ila Mwanza ilizima televisheni ya analojia mwaka 2013, na mawimbi ya dijitali yakiingia kwenye maiki ya analojia hayatoi maneno. Hutoa mvumo wa kufululiza na kukufupishia umbali. Ukisikia mtu anazungumza na unaelewa asemacho, huyo yumo kwenye maiki kama yako, na hayuko mbali.

Kwa nini alisikika karibu na maji tu

Hapa ndipo kijana alipokuwa amekwama, na swali lake lilikuwa zuri. Kama jirani yuko kwenye masafa yetu muda wote, mbona mshereheshaji wetu akiwa ndani jirani hasikiki kabisa, wala kwa mbali?

Maiki za aina hii hupeleka sauti kwa FM, yaani kwa njia ileile ya kubebesha sauti inayotumiwa na redio hizo ingawa masafa ni mengine, na risiva ya FM ina tabia yake. Ikipata mawimbi mawili kwenye masafa mamoja, haichanganyi sauti kama miksa inavyofanya. Huchukua yenye nguvu zaidi na kuyazima yale mengine, kama bawabu anayemwingiza mwenye nguvu na kumfungia mlango mnyonge. Mshereheshaji wetu akiwa mita tano kutoka kwenye risiva, mawimbi yake ni makali mno, jirani hana nafasi. Akifika mita 40, akageuza mgongo kuwasalimia wazee, mwili wake unakaa katikati ya maiki na risiva. Mwili wa binadamu sehemu kubwa ni maji, na maji hunyonya mawimbi ya UHF. Ongeza mawe mawili, miguu ya meza na skrini ya LED inayotema kelele zake za umeme jirani na antena. Kinachofika ni kidogo kuliko kile kinachovuja kutoka ukumbi wa pili. Bawabu akabadilisha mgeni.

Kwa hiyo kumegeka kwa maneno na kuingia kwa kipaimara vilikuwa na mzizi mmoja upande huo: risiva ilikuwa imefichwa. Jirani alikuwa tatizo la kweli, lakini risiva ingekuwa mahali pazuri huenda sendofu ingeisha bila mtu kujua kuwa yupo. Wangemgundua pale tu maiki itakapozimwa.

Nguvu zenyewe tunazozungumzia ni ndogo mno. Maiki ya mkono hutoa kwa kawaida miliwati 10 hadi 50. Urefu wa wimbi kwenye megahezi 520 ni kama sentimita 58, na wimbi la ukubwa huo halipindi vizuri kuzunguka jabali wala kundi la watu waliosimama. Linapogonga bati na vyuma vya paa linarudi, na likikutana na lile lililokuja moja kwa moja, mawili hayo yanaweza kufutana mahali fulani na kusaidiana hatua chache pembeni. Ndiyo maana mtu anayetembea hupoteza silabi, na aliyesimama palepale hupoteza sentensi nzima, kisha akisogea kidogo kila kitu kinarudi na watu wanasema maiki imejirekebisha.

Dawa iliyobuniwa kwa ajili ya hilo ni risiva yenye antena mbili kwa kila maiki, inayochagua kila sekunde antena ipi inapata vizuri. Risiva ya kijana ilikuwa na antena mbili, na muuzaji alimwambia ndiyo aina hiyo. Haikuwa hiyo. Ilikuwa na maiki mbili na antena mbili, kila maiki na antena yake, hakuna wa kumsaidia mwenzake. Unaweza kulijua hilo hata bila kitabu: washa maiki moja, simama mbali, kisha chomoa antena moja baada ya nyingine. Kama kuchomoa ya kushoto kunaua sauti ya maiki namba moja na kuchomoa ya kulia hakuigusi, huna uchaguzi wowote ndani ya kisanduku kile.

Kuihamisha risiva

Watu wakiambiwa antena iko mbali, wazo la kwanza ni kurefusha waya wa antena. Kwa seti za aina hii ni wazo baya. Waya mwembamba wa antena hula mawimbi njiani, na kwa mita 20 unaweza kupoteza zaidi ya ulichopata kwa kusogea. Kinachosafiri vizuri ni sauti iliyokwishatoka kwenye risiva. Kebo nzuri ya XLR, ile ya maiki yenye pini tatu, hubeba sauti hiyo mita 30 na zaidi bila kuongeza mvumo wa kusumbua. Basi risiva ndiyo inayokwenda kwa watu, na miksa inabaki ilipo.

Tuliipandisha kwenye stendi ya spika iliyokuwa haina kazi, juu kidogo ya mita mbili, pale paa linapoishia na bustani inapoanza. Kutoka hapo inaona meza kuu upande mmoja na meza za bustanini upande wa pili, na sehemu ya mbali zaidi ikawa karibu nusu ya umbali wa mwanzo. Antena tukazitanua kama herufi V. Kimo ndicho kilichotusaidia zaidi. Wageni wakiwa wamekaa, antena ya usawa wa goti huona viti na migongo. Ya juu ya kichwa huona maiki. Na saa ya kutuza, watu mia mbili wakisimama kwa pamoja na kusogea mbele wakiselebuka, tofauti hiyo huwa kubwa zaidi.

Kamati ya mapambo haikufurahi. Dada mmoja akaitazama stendi, akaniuliza, "Fundi, hii inakaa hapa mpaka lini?" Nikamwambia mpaka bibi harusi aage. Akaleta kipande cha satini, nikamwomba afunge stendi tu na asifike juu kwenye antena. Kitambaa chenyewe hakizuii mawimbi, ila utepe unaong'aa wenye chembe za chuma unaweza, na kazi za mapambo huanza na kitambaa zikaishia kwenye utepe.

Kuongea na jirani

Masafa yalitatuliwa kwa miguu. Tulizunguka ukuta, tukamkuta fundi wa ukumbi wa pili kwenye kivuli, ana seti ya muundo uleule wa kwetu, nayo ikiwa kwenye chaneli, yaani masafa, ileile iliyotoka nayo dukani. Hakuna aliyekosea adabu hapo. Masanduku mengi ya seti za bei nafuu hufika na chaneli zilezile, na kwa kuwa kila fundi anaogopa kuzigusa, kumbi mbili za jirani zikipata shughuli siku moja zinagongana. Yeye pia alikuwa amesikia "moja, mbili, tatu" za mshereheshaji wetu kwenye spika zake na watoto wa kipaimara wakaitikia "nne".

Shughuli yake ilikuwa inaendelea, kwa hiyo yeye alibaki alipo, sisi tukahama. Akatusomea namba za chaneli zake mbili kutoka kwenye kioo cha risiva, tukaziandika.

Mpangilio wa kuhama una maana yake. Kwanza maiki zako zote zizimwe, na kila kitu kingine kiwashwe kama kitakavyokuwa usiku: skrini, taa, kompyuta, maiki za jirani. Ukitafuta masafa matupu wakati skrini imezimwa, umetafuta kwa ajili ya ukumbi ambao hautakuwepo saa mbili usiku. Kisha amuru risiva ipekue. Seti ya kijana ilikuwa na kitufe cha kupekua, ingawa hakuwahi kukibonyeza. Ikipata chaneli iliyo wazi, maiki husogezwa mbele ya kidirisha cheusi cha risiva, kwa umbali wa kiganja hivi, na kubonyeza kitufe cha kuoanisha. Taarifa hupita kwa mwanga usioonekana na maiki kuhamia chaneli mpya. Maiki ya kwanza ikishakaa sawa, iache ikiwaka ndipo utafute chaneli ya maiki ya pili, ili risiva ijue kuwa ile nafasi ina mwenyewe.

Na usichague namba kwa macho. Maiki mbili zikiwaka karibu karibu huzaa mawimbi ya tatu na ya nne kwenye masafa unayoweza kuyapiga hesabu: mara mbili ya moja, toa nyingine. Ukiwa na 520.0 na 520.8, mojawapo ya watoto wao ni 521.6, na ukiweka maiki ya tatu hapo umeiweka kwenye kelele. Ndiyo maana watengenezaji hupanga chaneli kwa makundi. Chukua zote kutoka kundi moja, hesabu hiyo walishakufanyia. Kosa lenyewe hukua zaidi maiki zikilazwa zikigusana juu ya meza huku zote zinawaka, jambo ambalo washereheshaji hulifanya kila siku.

Kijana alipendekeza pia tupandishe skwelchi, kile kizibo kinachoamua mawimbi dhaifu kiasi gani yanyamazishwe, ili jirani afungiwe nje. Kinamfungia jirani, sawa, lakini kinamfungia na mshereheshaji wako akiwa mbali. Ukishahama masafa huna haja nacho, tukakiacha katikati. Seti za bei kubwa zina ujanja wa kuongeza toni ya juu kuliko sikio la mtu, na risiva haifungui mlango bila kuisikia. Hata huo usingetosha hapa, maana seti mbili za muundo mmoja hubeba toni moja.

Mwisho wake ulikuwa taa tena. Maiki zote zimezimwa, RF zote mbili giza, na zikabaki giza muda wote kipaimara kikiendelea upande wa pili. Mshereheshaji akashuka tena na kuhesabu hadi mezani pa mwisho. Hakuna namba iliyopotea.

Mluzi

Hili halikuhusu redio hata kidogo, na lilikuwa rahisi kuliko yote, ingawa ndilo lililokuwa likimkera mama mwenyekiti zaidi. Spika zilikuwa zimepangwa usawa wa ukuta, nyuma ya mahali mshereheshaji anaposimama. Sauti inatoka kwenye spika, inaingia kwenye maiki, inarudi kwenye spika ikiwa kubwa zaidi, inazunguka hadi inakuwa mluzi. Tulizisogeza mbele, mshereheshaji akabaki nyuma yake, spika zikiwatazama wageni. Maiki nyingi za mkono husikia vizuri mbele na husikia kidogo sana kwa nyuma, kwa hiyo makalio ya maiki ndiyo yaelekee kwenye spika.

Tabia hiyo ya kusikia mbele hutokana na matundu yaliyo nyuma ya kichwa cha maiki. Mshereheshaji wetu, kijana mchangamfu, alikuwa anaikumbatia maiki kwa vidole vyote juu ya wavu kama waimbaji wa bongofleva wanavyofanya kwenye video. Ukifunika wavu hivyo matundu yanazibwa, maiki inaanza kusikia pande zote, na mluzi unakuja hata kwa sauti ndogo. Akishika chini kabisa nako kuna hatari yake, maana kwa maiki nyingi antena iko chini, na kiganja kinakula mawimbi. Mahali pa kushika ni katikati ya mwili wa maiki. Nikamwonyesha mara moja, akaelewa, akaniambia hata hivyo kwenye picha haipendezi.

Kisha mpangilio wa nguvu. Kijana alikuwa ameshusha sauti kwenye risiva hadi karibu na sifuri, halafu akakazia geini ya miksa, kile kitufe cha kukuza sauti inapoingia, hadi mwisho. Tukageuza: risiva ikatoa sauti ya kutosha, geini ya miksa ikashushwa mpaka taa nyekundu isiwake hata mshereheshaji akipaza sauti. Besi ya chini ya hezi 100 kwenye chaneli za maiki tukaikata. Hiyo huondoa mvumo wa mkono unaposugua maiki, na sehemu ya ngurumo ya upepo pia. Alasiri upepo wa Mwanza hutoka ziwani kuja nchi kavu, na bustanini ulikuwa unapuliza moja kwa moja kwenye maiki. Tukaongeza kofia za sponji. Usiku upepo hulegea na kugeuka, lakini kofia tuliziacha.

Usiku wenyewe

Nilibaki hadi ndafu ilipoingia. Betri zilikuwa mpya za alkalaini, mbili mbili, zilizonunuliwa dukani na si kwa mchuuzi. Betri za bei rahisi za redio zinaweza kuonyesha zimejaa jioni na kufa katikati ya hotuba ya baba.

Shangazi wa bibi harusi alipopewa maiki aliishika usawa wa tumbo, kama watu wengi wasioizoea. Tofauti siyo ndogo. Kila unapozidisha umbali wa mdomo mara mbili, sauti inayoingia hushuka desibeli 6. Kutoka sentimita 5 hadi 40 ni kuzidisha mara mbili kwa awamu tatu, yaani desibeli 18, na fundi anayejaribu kuzirudisha zote kwa kitelezi cha sauti cha miksa ataukuta mluzi njiani. Kijana alitaka kupandisha. Nikamwashiria mshereheshaji, akamwendea shangazi, akamwinua mkono kwa heshima: "Shangazi, karibu na kidevu." Shangazi akaisogeza, akasema neno lake, vigelegele vikapigwa karibu kabisa na maiki, na kwa kuwa geini ilikuwa na nafasi, havikukwaruza.

Swichi za maiki tulizifunga kwa solotepu zikiwa zimewashwa. Kuwasha na kuzima kukabaki kazi ya miksa: maiki ikilazwa mezani, chaneli yake inanyamazishwa. Mgeni anayezima maiki kwa kidole halafu ampe mwenzake humfanya mwenzake azungumze hewani dakika nzima kabla mtu hajagundua, na aliyelaumiwa huwa ni fundi.

Sehemu moja haikupona. Wakati wa picha, bibi harusi na ndugu zake walishuka hadi nyuma ya jabali la pili, majini kabisa, na mshereheshaji akawafuata akisimulia. Maneno yakaanza kumegeka. Jabali lile lilikuwa kati yake na risiva, na hakuna chaneli wala betri ingelipenya. Tulikuwa tumeliona mchana na kumwonya asipite jiwe la kwanza akiwa na maiki. Alipita. Kijana akanyamazisha chaneli mpaka walipopanda.

Wiki iliyofuata akaniuliza anunue seti gani, maana alikuwa ameweka akiba. Nikamwambia asinunue seti kwanza. Anunue kebo mbili za XLR za mita 25, stendi moja ndefu ya kuwekea risiva, na kofia za sponji. Seti yenye antena mbili kwa kila maiki ifuate baadaye, na akiinunua aulize kwanza inafanya kazi kwenye megahezi ngapi: kuanzia 694 hadi 790 kumegawiwa simu katika ukanda wetu, na bado zipo seti za zamani za masafa hayo zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Yeye na yule fundi wa ukumbi wa pili sasa wamepeana namba za simu. Mwenye shughuli ya mapema hukaa chaneli zake, wa pili huhama.